Walifunga, Wakaomba, Kisha Wakapima

Andiko la msingi: Ezra 8:21-34
Soma pia: 2 Wafalme 5:15-27, 2 Wakorintho 8:18-21

Somo la wiki hii ni la ndugu na dada walioajiriwa hivi karibuni katika ofisi za serikali, hasa wale wa kitengo cha ununuzi. Pia ni la sisi wengine ambao tukisikia fulani ameingia huko tunaanza kutafuta namba yake ya simu. Kwa hivyo usiweke karatasi hii kando ati kwa sababu wewe ni fundi cherehani ama mama mboga. Utajipata humu ndani.

Kijana akisimama mbele kutoa ushuhuda kwamba amepata kazi ya serikali, kanisa zima hupiga makofi, na ni vyema. Miaka minne ya chuo, kisha miaka ya kutembeza vyeti kutoka ofisi moja hadi nyingine, si mchezo. Tunasema Mungu amempa kibali. Lakini angalia vile neno hilo hubadilika likishatoka nje ya lango la kanisa. Kabla mwezi haujaisha, mmoja amemletea karatasi za kampuni "aziangalie tu." Mwingine anauliza tenda ya maziwa ya ofisi itatangazwa lini, na nani wengine huwa wanaomba. Wa tatu anamwambia, "Ndugu yangu, Mungu hakukuweka hapo bure." Huyo wa tatu ndiye ananisumbua zaidi. Wale wawili wanaomba msaada tu, lakini yeye anafundisha. Amechukua kibali cha Mungu akakigeuza kuwa koneksheni.

Wacha kwanza tuelewe kazi yenyewe. Watu wengi wanadhani afisa wa ununuzi anashika pesa. Hashiki. Yule wa daraja la chini anashika karatasi. Anachapa stakabadhi za zabuni, anakusanya kotesheni, anaandika kumbukumbu za kamati, anapanga faili, anajibu simu za wauzaji ambao hawajalipwa. Uamuzi wa mwisho na mkataba ni mambo ya mkuu wa taasisi, na maoni ya kitaalamu huandikwa na mkuu wa kitengo. Huyu wetu mshahara wake unatosha kulipa nyumba na kutuma kitu kidogo kwa mama, lakini faili iliyo juu ya meza yake ni ya shilingi milioni 40. Hapo ndipo vita vilipo.

Sheria nayo iko wazi. Katiba yetu, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wenye ushindani na wa gharama inayofaa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaeleza vile hayo yatafanyika. Zabuni zinafunguliwa na kamati ya watu wasiopungua watatu, na angalau mmoja wao awe mtu ambaye hahusiki moja kwa moja kuzishughulikia wala kuzitathmini. Majina na bei vinasomwa kwa sauti mbele ya waliofika. Hata kurasa za zabuni zinapaswa kupewa namba na mwenye kuomba. Kwa nini namba? Ili jioni, watu wakishaenda, mtu asichomeke ukurasa uliokosekana. Nilisomea biashara chuoni, na huko tulifundishwa haya kama taratibu za usimamizi. Siku hizi nikiyasoma naona aliyeyaandika aliujua moyo wa mwanadamu kuliko wahubiri wengine.

Sasa twende kwa Ezra. Alikuwa anaongoza watu kutoka Babeli kwenda Yerusalemu, na walibeba mali ya nyumba ya Mungu: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, na talanta 100 za dhahabu, mbali na bakuli na vyombo vingine. Hiyo fedha peke yake ilikuwa kama tani 20 hivi kwa vipimo vyetu. Njia ilikuwa na wanyang'anyi. Na Ezra alikuwa amemwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu huwalinda wanaomtafuta, kwa hivyo aliona haya kurudi kumwomba askari wa kumsindikiza. Akatangaza mfungo kando ya mto Ahava.

Hapa sisi Wapentekoste tunapajua sana. Tunahubiri mpaka mstari wa 23, kwamba walifunga, wakaomba na Mungu akasikia, halafu tunaita watu mbele. Lakini soma mstari wa 24 na kuendelea. Baada ya kufunga, Ezra aliteua wakuu kumi na wawili wa makuhani, akaleta mizani, akawapimia ile fedha na dhahabu mikononi mwao. Kwenye mstari wa 28 anawaambia wao ni watakatifu kwa Bwana, na vyombo ni vitakatifu. Unaona? Walikuwa watakatifu, na bado walipimiwa. Ezra hakusema, "Hawa ni watumishi, tuaminiane tu." Safari kutoka Babeli ilichukua karibu miezi minne. Walipofika Yerusalemu walipumzika siku tatu, na siku ya nne mizani ikaletwa tena, ndani ya nyumba ya Mungu, mbele ya kuhani Meremothi, Eleazari na Walawi wawili. Hesabu ikachukuliwa na uzani ukachukuliwa, na vyote vikaandikwa wakati huo huo.

Kupima wakati wa kutoka, kupima wakati wa kufika, mashahidi zaidi ya mmoja, na maandishi siku ile ile. Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya ukaguzi na upokeaji wa bidhaa, ambayo sheria ya 2015 inaitaka, unajua kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Basi tuingie stoo. Ni Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, lori limefika. Karatasi ya mzigo inasema viti 200. Wewe umehesabu 160. Mwenye mzigo anakuambia, "Hivyo vingine vinakuja Jumatatu. Weka sahihi tu, nimetoka mbali." Bosi naye amepiga simu: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, malipo yasipopita pesa zitarudi Hazina. Wewe una miezi mitano kazini na bado hujathibitishwa. Hakuna mtu amekutajia rushwa hapo. Hakuna bahasha. Ni viti 40 na kalamu.

Mtu wa Mungu, hapo usianze kukemea pepo la ufisadi. Hesabu viti. Andika 160. Andika tarehe na majina ya waliokuwepo. Jumatatu vingine vikija, utaandika karatasi ya pili, ni kazi ya dakika kumi. Visipokuja, na hilo limewahi kutokea kwa watu, wewe hukusema umepokea viti ambavyo macho yako hayakuviona. Sisemi usifunge na kuomba. Ezra alifunga. Lakini mfungo wake ulimpeleka kwenye mizani. Wako watu ambao mfungo wao unawatoa kwenye mizani. Wanaona kwamba wameshaomba, basi Mungu atashughulika na hivyo viti 40.

Kuna pia ile ya kotesheni tatu. Ununuzi ukiwa mdogo, sheria inaruhusu kuomba bei kutoka kwa watu wasiopungua watatu bila kutangaza. Unatumwa ukusanye, na unaletewa barua tatu za kampuni tatu, zote zimekosea neno moja kwa njia ile ile, na muhuri umepigwa siku moja. Kampuni ni tatu, mtu ni mmoja. Na kuna kukatakata: kazi moja kubwa inagawanywa vipande ili kila kipande kipite njia ya mkato bila ushindani. Kifungu cha 54 kinakataza hilo. Wengi wanadhani ni ujanja wa ofisi tu, hawajui ni kosa la sheria. Tusomeni, wapendwa. Tuna vijana wanaojua ngazi zote za vita vya kiroho lakini hawajawahi kufungua sheria inayoongoza kazi yao. Sasa bosi akisema, "Hii ni kawaida hapa," utamjibu na nini?

Nije kwa Gehazi, kwa sababu yeye alikuwa mdogo wa ofisi kama wewe. Naamani alifika na talanta kumi za fedha, shekeli elfu sita za dhahabu na mavazi kumi. Baada ya kuponywa alitaka kumpa Elisha zawadi, Elisha akakataa kabisa. Gehazi akaona mkubwa wake ameacha nafasi nzuri ipite. Akakimbilia gari la Naamani. Na hakuwa mlafi sana, aliomba talanta moja na mavazi mawili. Naamani mwenyewe ndiye aliyesisitiza achukue talanta mbili. Kazi ilikuwa imeshafanyika, mtoaji alitoa kwa furaha, hakuna aliyeibiwa. Hii ndiyo ile tunayoita "asante." Tenda imepita kwa haki, aliyeshinda alistahili, halafu Desemba anakuja na bahasha: "Si hongo, boss, ni shukrani tu." Lakini mwaka ujao huyo huyo ataomba tena, na zabuni yake itakuwa mezani kwako pamoja na nyingine sita. Utazisoma kwa macho gani? Kutoka 23:8 inasema zawadi ya namna hiyo hupofusha hata wale wanaoona vizuri.

Tena tazama uongo alioutumia Gehazi. Alisema vijana wawili wa wana wa manabii wamefika kutoka nchi ya milima ya Efraimu na wanahitaji kusaidiwa. Alitumia jina la huduma! Hapa nitasema na sisi tunaosimama madhabahuni. Mtu akipokea bahasha halafu akatoa fungu la kumi juu yake, bahasha haijatakaswa. Na tukiona mfanyakazi wa daraja la chini, mwaka wake wa kwanza, anajitolea kuezeka kanisa peke yake, tusikimbilie kumwekea mikono. Elisha alimuuliza Gehazi, umetoka wapi? Mchungaji ana haki ya kuuliza swali hilo. Ni afadhali tukae chini ya mabati yaliyotoboka.

Sasa jambo la ofisini ambalo hakuna mtu atakufundisha. Agizo baya haliji kwa maandishi. Linakuja kwenye korido, ama kwa simu, ama kupitia dereva: "Mkubwa amesema ile faili iangaliwe vizuri." Wewe lirudishe kwenye karatasi, kwa heshima kabisa. Andika: kufuatia maagizo ya leo asubuhi kuhusu zabuni fulani, naomba mwongozo wa maandishi kwa kuwa kifungu fulani kinasema hivi. Hakuna matusi hapo wala mahubiri. Danieli akiwa kijana mgeni kwenye jumba la mfalme hakumfokea msimamizi juu ya chakula; aliomba, akapendekeza wajaribiwe siku kumi. Si kila mkubwa ni mwizi. Wengine wamesukumwa kutoka juu, na barua kama hiyo inawapa sababu ya kukataa. Kwenye kamati, kama hukubaliani, omba maoni yako yaingie kwenye kumbukumbu kabla ya kuweka sahihi. Na mambo ya zabuni usiyatoe nje, hata kwa mke ama mume wako. Kuyatunza siri ni sehemu ya sheria.

Kama mtu amekutajia hongo waziwazi, Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mtumishi wa umma aripoti kwa tume ya maadili, EACC, ndani ya saa 24. Kunyamaza "ili nisimharibie" si huruma. Na ukivunja sheria ya ununuzi yenyewe, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4, ama kifungo cha miaka 10, ama vyote viwili. Mkubwa aliyekutuma kwa mdomo hatakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Yenye jina lako itakuwepo.

Tuongee juu ya gharama, kwa maana nisingependa kuwadanganya. Kuna mahubiri ambayo Danieli hutoka shimoni kila Jumapili, na kila anayekataa rushwa hupandishwa cheo kabla ya Krismasi. Wazee wetu wanakumbuka Goldenberg, mapema miaka ya 1990, wakati mabilioni ya shilingi yalilipwa kampuni moja kwa kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwepo. Mmoja wa watu waliotoa ushahidi nje alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Hakuwa gavana wala mkurugenzi. Zile karatasi zilikuwa zinapita mezani kwake, akaona hazilingani na ukweli. Alikamatwa, akapoteza kazi. Miaka baadaye nchi ilimsifu, tume ya uchunguzi ikamsikiliza, lakini kazi yake hakurudishiwa. Alikufa mwaka wa 2006, akiwa maskini.

Nimemtaja kwa sababu Biblia yenyewe haifichi watu wa namna yake. Waebrania 11 inataja waliofunga vinywa vya simba, na mistari michache baadaye inataja wengine walioteswa, wakafungwa, wakatembea wakiwa na uhitaji, na ukombozi hawakuuona. Wote wamehesabiwa kwenye orodha moja ya imani. Kijana akiniuliza kama Mungu atamlinda kazini, namwambia ndiyo, atamlinda, lakini sitamwahidi kwamba atabaki na hiyo kazi.

Hilo linaturudia sisi kama kanisa. Kamati yetu ya ustawi hutoa kwa msiba, hutoa kwa hospitali, hutoa kwa harusi. Kwa maoni yangu inafaa itoe pia kwa aliyesimamishwa kazi kwa sababu alikataa kuweka sahihi. Kodi ya miezi mitatu na karo ya muhula mmoja vinaweza kuwa tofauti kati ya mtu kusimama na mtu kuanguka. Ni rahisi kumwambia mtu awe imara wakati si wewe utakayefungiwa nyumba. Na wazazi, tafadhali. Kijana wa mshahara mdogo akileta gari baada ya miezi sita, usiite majirani kwa maombi ya shukrani kabla hujajua limetoka wapi. Asipoleta gari, usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Wafanyabiashara wa kanisa hili, serikali ni mteja kama mteja mwingine na hakuna dhambi kumuuzia. Kuna asilimia 30 ya ununuzi iliyotengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Jisajilini, someni masharti, ombeni. Hakikisheni cheti cha kodi hakijaisha muda, maana wengi huanguka hapo halafu wanasema ni wachawi. Ukikosa, taasisi inapaswa kukuarifu na kukueleza sababu. Ukiona umeonewa una siku 14 za kwenda kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, nayo ina siku 21 za kuamua. Huo ndio mlango. Kumpigia simu dada wa kwaya ili akusomee bei za wenzako ni kumwomba avunje sheria na apoteze riziki yake. Na kama ni ndugu yako wa damu, yeye anapaswa kutangaza uhusiano huo na kujiondoa kwenye hiyo zabuni. Usimchukie akifanya hivyo, wala usimsalimie kwa ubaridi Jumapili.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Ezra 8:21-34 polepole, mtu mmoja ahesabu ni mara ngapi mizani inatajwa. Walio kwenye ofisi waeleze jambo moja walilowahi kutakiwa kuliwekea sahihi kabla ya kulihesabu, bila kutaja jina la mtu wala la taasisi, na kikundi kiwaombee kwa majina yao. Kisha msome 2 Wakorintho 8:18-21, mwone vile Paulo hakukubali kubeba mchango wa makanisa peke yake. Sadaka ya kikundi ihesabiwe na watu wawili, iandikwe kwenye daftari na wote wawili waweke sahihi, kabla chai haijaletwa.